Saa ya Daktari Floyer na Kibodi cha Kijana wa Ngamiani

Mwaka 1707 daktari John Floyer, wa mji mdogo wa Lichfield nchini Uingereza, alichapisha kitabu kizima kuhusu kuhesabu mapigo kwa saa aliyoundiwa na fundi Samuel Watson. Saa hiyo haikumfaa mtu anayetaka kujua kama jioni imeingia. Ilikwenda dakika moja, ikasimama. Kazi yake ilikuwa kumpa daktari sekunde 60 za kushika kifundo cha mkono wa mgonjwa na kuhesabu mapigo. Ilikuwa na akrabu ya sekunde, kitu ambacho saa nyingi za mfukoni za enzi hizo hazikuwa nacho, na kijiti pembeni cha kuisimamishia.

Kabla ya hapo Floyer alikuwa amehangaika na vilivyopo. Alihesabu kwa saa za kawaida, akahesabu kwa saa kubwa zenye pendulamu, kisha akachukua chupa ya mchanga ya dakika moja, ile ya mabaharia. Ndipo akaagiza chombo chake mwenyewe. Kilipofika alikilinganisha na ile chupa ya mchanga, akakuta saa mpya inawahi. Hakunyamaza. Aliandika kitabuni kwamba kila anapohesabu kwa saa hiyo huongeza mapigo matano au sita ili hesabu ikae sawa.

Nakipendea kitabu hicho maneno hayo. Mtu ametoa fedha zake, ameundiwa chombo cha peke yake, jina lake limo kwenye jalada, na bado anakuambia chombo kinakosea kwa kiasi gani. (Floyer huyu huyu ndiye aliyeshauri mtoto Samuel Johnson, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa kamusi, apelekwe London aguswe na Malkia Anne ili apone uvimbe wa shingo. Msomi naye ni mtu.)

Mimi nilikuwa fundi wa vifaa tiba. Sasa nimestaafu, na meza yangu iko barazani hapa Ngamiani, Tanga. Kushika kibano nilifundishwa na mjomba wangu, fundi saa, kabla sijajua kama kuna chuo kinachofundisha watu kutengeneza mashine za hospitali. Vijana wa umeme na kompyuta hunijia, na tangu saa janja zizagae madukani swali lao ni moja: "Mzee, niunde yangu, au ninunue iliyopo niichokonoe?" Wanaliuliza kama jambo la juzi. Floyer alilijibu mara mbili, kwa majibu mawili tofauti, na waliokuja nyuma yake wamelijibu kwa zaidi ya miaka 300.

Tena hata yeye hakuwa wa kwanza. Karne moja kabla yake Santorio Santorio, daktari aliyesomesha Padua, alipima mapigo bila saa yoyote. Alining'iniza kijiwe cha risasi kwenye uzi, akakibembeza, akawa anaurefusha uzi na kuufupisha mpaka mbembeo uende sambamba na mshipa wa mgonjwa. Uzi mfupi, moyo wa mbio. Uzi mrefu, moyo wa taratibu. Kisha alipima uzi, akaandika urefu wake. Michoro ya vyombo vyake aliitoa Venice mwaka 1625 ndani ya kitabu cha kuifafanua Kanuni ya tiba ya Ibn Sina, na hapo ndipo sisi watu wa pwani tunaposikia jina la nyumbani. Ibn Sina alikuwa ameyapanga mapigo kwa vidole: makubwa na madogo, magumu na laini, ya haraka na ya polepole. Santorio hakukitupa kitabu cha zamani, alikiongezea uzi. Na uzi ule, kwa mgonjwa mmoja, ulisema kitu cha maana kuliko namba yoyote: kwamba leo ni mfupi kuliko jana.

Lakini mtu ambaye ningependa vijana wamjue zaidi ni Frederick Akbar Mahomed.

Babu yake, Sake Dean Mahomed, alizaliwa Patna, India. Alihamia Ireland, kisha London, na mwaka 1810 alifungua humo mgahawa wa vyakula vya Kihindi. Baadaye alihamia Brighton akawa na nyumba ya kuogea na kukanda watu, na hata wafalme walikuwa wateja wake. Mjukuu alisomea udaktari katika hospitali ya Guy's mjini London. Wakati huo kulikuwa na kifaa kilichokuwa kikisifiwa Ulaya nzima, kilichobuniwa na Mfaransa Étienne-Jules Marey mwaka 1860. Kilifungwa kifundoni mwa mkono. Kamani ilikandamiza mshipa, mshipa ukasukuma kijiti, kijiti kikachora mawimbi kwenye karatasi iliyopakwa masizi, na karatasi ilivutwa na mashine ya saa. Vifaa hivyo vilitengenezwa katika karakana ya Breguet mjini Paris, jina ambalo kila fundi saa duniani analivulia kofia. Mkisikia watu wanasema chombo cha kuvaa mkononi na kusoma moyo ni uvumbuzi wa simu janja, waelezeni habari za masizi ya Marey.

Kifaa kilichora vizuri, ila hakikusema mshipa unasukuma kwa nguvu gani. Mchoro wa mgonjwa huyu na wa yule ukiwekwa pamoja, hujui kama tofauti ni ya damu au ni ya fundi aliyekaza zaidi. Mahomed, akiwa bado mwanafunzi, hakuunda kifaa kipya. Alichukua kile cha Marey akakiongezea kipimo cha kuonyesha kamani inakandamiza kwa uzito gani, akachapisha kazi hiyo mwaka 1872. Kwa sehemu hiyo moja aliyoiongeza alianza kuona kitu ambacho waliomtangulia hawakukiona: watu wenye msukumo mkubwa wa damu ambao figo zao hazijaharibika, wengine wanaojiona wazima kabisa, wanatembea mitaani. Ile tunayoiita presha, ugonjwa unaojificha, alianza kuifuatilia kwa kifaa cha kuchokonoa. Mkanda wa kufunga mkononi wenye zebaki ulikuja 1896, wa Scipione Riva-Rocci. Mahomed alikuwa amefariki mwaka 1884 kwa homa ya matumbo, akiwa na umri wa miaka 35.

Nimekaa kwake kwa kirefu kwa sababu kisa chake kinaonyesha kazi ya kuchokonoa inavyokuwa ikiwa kazi kweli. Hakuongeza pambo. Alitazama kifaa kizuri, akauliza: namba gani inakosekana hapa? Akaiongeza hiyo, mengine akayaacha kama Breguet alivyoyaacha.

Kwa mjomba niliona ndugu wa mbali wa vyombo hivyo. Daktari mmoja alikuwa na saa ya Uswisi yenye vitufe viwili, na pembezoni mwa uso wake kulikuwa na namba zisizofuata mpangilio wa saa, pamoja na maneno ya Kifaransa yaliyosema kuwa imepimwa kwa mapigo 30. Mjomba alinionyesha matumizi yake kwa kushika mkono wangu. Bonyeza, hesabu mapigo 30, bonyeza tena. Akrabu ilipoishia ndipo palipoandikwa mapigo yako ya dakika nzima. Kama 30 zimechukua sekunde 20, inakusomea 90. Hesabu yote iko kwenye rangi iliyopakwa juu ya uso. Ndani, mashine ni ile ile ya saa ya kupimia mbio za farasi. Mjomba alilifungua fumbo hilo kwa sentensi moja: "Waswisi hawa hawakuongeza hata gurudumu." Wazee wengine wa mtaani walikuwa na saa zilizotegwa kwa majira yetu, saa kumi na mbili ikiwa magharibi, na walikuwa wakibishana na watoto wao wa shule kuhusu nani yuko sahihi. Akrabu ya sekunde haikuwa na ubishi huo. Wauguzi nao walikuwa na zao za kubana kifuani, uso chini juu, ili wasome wakiinamisha macho huku vidole viko kwenye mshipa wa mgonjwa.

Kuunda kwenyewe, kwa maana ya kuanza na nyaya tupu, kuna watu wake. Norman Holter wa Helena, Montana, mwishoni mwa miaka ya 1940 alijibebesha mgongoni mitambo ya karibu kilo 38 ili apeleke umeme wa moyo kwa redio mtu akiwa anatembea. Hakukuwa na kitu cha kuchokonoa, kwa hiyo akaunda. Ilipofika 1961 alipotangaza kazi yake katika jarida la Science, mzigo ulikuwa umepungua kiasi cha mtu kuweza kwenda nao kazini. Wagonjwa wa moyo wa leo wanaofungwa kile kisanduku cha saa 24 wanavaa jina lake.

Earl Bakken yuko karibu zaidi na moyo wangu, kwa kuwa alikuwa fundi kama sisi. Kampuni yake, Medtronic, ilianza 1949 katika gereji mjini Minneapolis kama kibanda cha kutengeneza vifaa vya hospitali vilivyoharibika. Tarehe 31 Oktoba 1957 umeme ulikatika mjini. Watoto waliopasuliwa moyo katika hospitali ya chuo kikuu walikuwa wakitegemea mashine za kuchochea mapigo zilizochomekwa ukutani, na mtoto mmoja akafariki. Daktari wa upasuaji, Walton Lillehei, alimwomba Bakken kitu cha betri. Wazo la kwanza la Bakken lilikuwa betri ya gari na kigeuza umeme, dude la kusukuma kwa toroli. Kisha akakumbuka mchoro aliouona katika jarida la Popular Electronics: metronomu ya transista, kile kidude cha kuwapigia wanamuziki tik-tik. Alichukua mzunguko huo, akabadilisha utoaji wake, akauweka kwenye kisanduku cha kuning'inia kifuani. Kazi ilichukua majuma manne hivi. Aliupeleka hospitalini ujaribiwe kwa mnyama. Kesho yake aliporudi alikuta mtoto ameshafungwa.

Sasa waulize vijana wangu: Bakken aliunda au alichokonoa? Kisanduku alikiunda. Mpigo aliuchukua kwa wapiga muziki.

Mwanga ulioko nyuma ya saa janja nao una historia ya namna hiyo. Damu hula mwanga. Kila moyo unaposukuma, damu huongezeka chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua. Alrick Hertzman wa St. Louis aliyapima hayo miaka ya 1930. Mwaka 1974 huko Japani, Takuo Aoyagi wa kampuni ya Nihon Kohden alikuwa akipima kitu kingine kabisa, rangi iliyochomwa kwenye damu, na mapigo ya mshipa yalikuwa yakimharibia mstari wake. Akiwa anatafuta namna ya kuyafuta aligundua kwamba mtikisiko ule, ukipimwa kwa mwanga wa aina mbili, unakuambia damu ina oksijeni kiasi gani. Kipima oksijeni cha kidoleni, ambacho wakati wa Uviko kilijulikana hadi na wauza samaki, kimetokana na kero hiyo. Polar wa Finland walileta 1982 kipimo kisichotumia waya, mkanda kifuani na saa mkononi, kwa ajili ya wanamichezo. Baada ya hapo mambo yalienda haraka mpaka Apple walipoweka kipimo cha umeme wa moyo ndani ya saa yao mwaka 2018, na sina haja ya kuyasimulia, matangazo yao yanatosha.

Ambalo halimo kwenye matangazo ni la akina baba wenye watoto wa kisukari.

John Costik, mhandisi wa programu katika jimbo la New York, alikuwa na mtoto mdogo aliyegunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya kwanza mwaka 2012. Mtoto alivaa kihisi cha Dexcom chini ya ngozi, kinachosoma sukari kila dakika tano na kutuma namba kwenye kipokezi kidogo kilicho umbali usiozidi mita sita hivi. Mtoto akiwa shule, namba ziko shule. Mzazi yuko kazini anakula kucha. Mwaka 2013 Costik alikiunganisha kipokezi kwa waya na simu ya Android, akaandika programu ya kuchota namba na kuzipandisha kwenye intaneti. Wazazi wengine waliposikia walikuja mbio. Lane Desborough, mhandisi mwingine mwenye mtoto mwenye ugonjwa huo, alitengeneza ukurasa wa kuzionyesha, ukaitwa Nightscout, na namba zikafika kwenye saa ya Pebble mkononi mwa mzazi. Mama aliyeko sokoni anageuza kifundo, anaona sukari ya mwanawe aliyeko darasani. Kaulimbiu yao ilikuwa kwamba hawasubiri. Januari 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu mfumo wa kampuni yenyewe wa kutuma namba mbali, na ikalegeza masharti kwa maonyesho ya aina hiyo. Wachokonozi walikuwa wametangulia.

Tazameni kilichochokonolewa na kilichoachwa. Kihisi, sehemu inayokaa chini ya ngozi na inayoweza kuua ikidanganya, hawakukigusa. Walichochokonoa ni njia ya namba. Hapo ndipo ninapowapa vijana shauri langu, na nitalishikilia hata wakinuna: kama chombo kilichopo kinasoma vizuri ila kinaficha au hakifikishi, kichokonoe. Kama hakisomi kabisa unachotaka, unda. Na kabla hujafanya lolote, tafuta utakilinganisha na nini.

Pebble yenyewe ina somo la pembeni. Eric Migicovsky aliomba umma dola 100,000 mwaka 2012 akachangiwa zaidi ya milioni 10; mwishoni mwa 2016 kampuni ikauzwa vipande kwa Fitbit, na katikati ya 2018 mitambo ya kuzihudumia saa hizo ikazimwa. Wenye saa walijiundia huduma yao, wakaiita Rebble, zikaendelea kupumua. Januari 2025 Google, waliokuja kumiliki mali ile, waliachia msimbo wa programu endeshi yake uwe huria. Saa ya mjomba ya mapigo 30 haikuhitaji mtu awashe mtambo ng'ambo ndipo ihesabu.

Kijana aliyenifanya nikae niandike haya anasoma elektroniki. Bibi yake ana moyo uliotanuka, na daktari ameshauri mapigo yake yafuatiliwe nyumbani. Alianza kwa kununua saa janja ya bei nafuu isiyo na jina la maana, inayodai kupima mapigo, presha, oksijeni na sukari, yote kwa taa mbili za kijani. Tuliifunga kwenye ndizi mbivu. Ndizi ilikuwa na mapigo 74 na presha nzuri kuliko yangu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo Februari 2024 kwamba ilikuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na kwa maoni yangu onyo hilo lingebandikwa pale pale saa hizo zinapouzwa.

Akaamua kuunda. Alikuja na ESP32, ile kompyuta ndogo ya bei ya soda chache, na kibodi cha kijani (bodi ndogo ya saketi, si kibodi cha kuandikia) chenye chipu ya MAX30100, taa nyekundu na infraredi ndani ya kidirisha kidogo kuliko punje ya mtama. "Shikamoo mzee. Haiongei kabisa." Nikavaa kioo cha jichoni. Chipu yenyewe haina lawama. Tatizo liko kwa aliyekichora kibodi, na hajaweka jina lake. Chipu na kompyuta huzungumza kwa nyaya mbili, kila waya ukivutwa juu na rezista. Kwenye vibodi hivi rezista, zimeandikwa 472, yaani oumu 4,700, zinavuta mpaka volti 1.8 tu. ESP32 inatumia volti 3.3 na inataka waya ufike karibu 2.5 ndipo iamini umepanda. Basi mmoja ananong'ona, mwingine hasikii. Tulizing'oa rezista zile kwa ncha ya pasi ya kuchomea na kibano cha mjomba, tukaweka zetu nje zikivuta hadi 3.3. Chipu ikajibu hapo hapo, na mawimbi yakaanza kupita kwenye kioo cha kompyuta yake, yanafanana kabisa na ya Marey, bila masizi.

Kidoleni yalikuwa mazuri. Kifundoni, ambako saa hukaa, yalikuwa vurugu. Chipu ile hufurahia kidole, penye mishipa midogo mingi karibu na ngozi. Kifundoni damu ya juu juu ni chache, na mwanga wa nje unapenya pembeni ukitikisa mkono. Ndiyo sababu watengenezaji wa saa wanapenda kijani, ambacho damu inakila sana na hakiendi kina. Halafu betri. ESP32 ikiwasha redio yake inakunywa umeme. Betri inayotosha mgongoni mwa saa haimalizi nayo siku.

Nikamwonyesha njia ya katikati: PineTime ya Pine64, iliyotangazwa 2019, saa ya bei ndogo ambayo watengenezaji wanakupa michoro na kukuachia uipakie programu uitakayo. Wameuza na toleo lisilogundishwa mfuniko, na fundi saa akisikia hivyo anaona kuna watu wanamjua. Ina taa ya kijani, ina betri isiyofika 200 mAh inayokaa siku nyingi, na kuna programu huria, InfiniTime, ambayo imeshafanya kazi ngumu. Kijana aliibadilisha iweke kumbukumbu ya wimbi lenyewe pamoja na namba. Nilimsifu kwa hilo. Namba ya mwisho ni hukumu. Wimbi ni ushahidi, nami nataka kuuona ushahidi.

Shangazi yake ni muuguzi. Asubuhi anamkalisha bibi, anashika mshipa, anahesabu dakika nzima kwa saa yake ya kifuani, anaandika kwenye daftari. Kijana anaandika pembeni saa janja ilisema nini. Bibi akiwa ametulia, tofauti ni mapigo mawili matatu. Siku moja saa ikatangaza 130 na kijana akapiga simu akitetemeka. Bibi alikuwa akikuna nazi. Mkono unaokwenda na kurudi kwenye mbuzi hutikisa damu kwa mdundo wake, saa ikahesabu nazi ikidhani ni moyo. Kwenye wimbi ilionekana wazi: vilima vilikuwa sawasawa mno, na vilikoma ghafla nazi ilipokwisha.

Kuna jambo lingine ambalo nimewaambia waliandike ukurasa wa kwanza wa daftari lile. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha vipima oksijeni vya kidoleni na vipimo vya damu yenyewe. Katika wagonjwa ambao kifaa kiliwasomea kati ya asilimia 92 na 96, waliokuwa kwa kweli chini ya 88 walikuwa asilimia 3.6 ya weupe na asilimia 11.7 ya weusi. Zaidi ya mara tatu. Rangi ya ngozi nayo inakula mwanga, na vifaa hivyo kwa miaka mingi vilipimwa zaidi kwa ngozi zisizo kama ya bibi wa Ngamiani. Floyer alijua aongeze tano au sita. Sisi bado hakuna aliyetuandikia tuongeze au tupunguze ngapi, kwa ngozi ipi, kwa saa ipi, na kazi hiyo haihitaji kiwanda: inahitaji vifaa, daftari, na hospitali yenye kipimo cha damu ya ateri iliyo tayari kukaa na vijana wetu.

Kibodi cha kijani kijana hajakitupa. Amekihamishia kidoleni, kwenye pete ya plastiki aliyoichonga mwenyewe, na waya unashuka hadi kisanduku kiunoni, karibu sawa na cha Bakken. Kwa oksijeni anakiamini bibi akiwa amelala tu. Bibi anakiona kibaya na anakivaa akiwa chumbani pekee, wageni wakija anakivua. Saa ya PineTime anaivaa hata msibani. Tumebishana kama kisanduku kipunguzwe au kiondolewe, na hadi sasa shangazi, ambaye ndiye mwenye daftari, yuko upande wa kijana.